Mwiko wa Kujidekeza

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga, la. Ni kwamba wenyewe hukasirika wakisifiwa hadharani, na mimi katika habari hizi sina nia nyingine ila kuwasifu. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya shibe. Shibe ilitangazwa redioni kila asubuhi, baada ya hali ya hewa, na aliyeendelea kuwa na njaa alijua kosa ni la tumbo lake, halikusikiliza redio.

Mlezi Mkuu wa nchi hiyo, kabla hajaanza kulea, alikuwa mkulima wa karanga. Kwa hiyo rojo la karanga likafanywa chakula cha Taifa, na kila mwaka ikaadhimishwa Sikukuu ya Kijiko. Siku hiyo raia wote, kuanzia mtoto wa darasa la kwanza hadi kikongwe wa kubebwa, walikusanyika viwanjani. Maafisa wa Kijiko walipita na ndoo zao wakimlisha kila mtu kijiko kimoja cha rojo. Raia alimeza, akafungua mdomo ukakaguliwa, akasema, "Tumeungana." Aliyejificha nyumbani, kijiko kilimfuata huko huko, kikiwa kimeshikwa na askari.

Nisije nikaonekana naisingizia Serikali: haikuwa katili. Ilitambua kwamba matumbo ya watu hayafanani, ndiyo maana ikaunda Wizara ya Miiko na Mapendeleo. Wizara ilimpa kila mwenye mwiko kitambaa cha kuvaa kifuani wakati wa kula. Cha dhahabu kilikuwa cha Mwiko Mzito: anayekivaa halishwi asichotaka, haulizwi kwa nini, na anapopita sufuria hufunikwa. Cha bluu kilikuwa cha Mwiko wa Wastani: anayekivaa alilishwa, lakini kwa kuombwa radhi. Cha kijivu kilikuwa cha Mwiko wa Kujidekeza: anayekivaa alilishwa kama wengine, kisha akashauriwa aache kujidekeza. Na Maafisa wa Kijiko walifundishwa chuoni kwao kutazama vifua tu. Nyuso za raia hazikuwahusu, maana uso unaweza kudanganya, kitambaa kimepigwa mhuri.

Nchi nyingine, ukitaka kujua uzito wa mwiko wa mtu, hupima damu. Wao walipima cheo. Spika wa Bunge alikuwa na dhahabu kwa sababu bamia humteleza kooni kabla hajawa tayari. Jaji Mkuu alikuwa na dhahabu kwa sababu hakula nyama kabisa, isipokuwa ya kuchoma, na ya kukaanga kama ya kuchoma haipo. Paka wa balozi mmoja alikuwa na bluu, kwa vile dagaa wa jana walimhuzunisha.

Sikudhani, binti wa Mishi msusi, alikuwa na kijivu.

*

Sikudhani alipokuwa anaanza kutambaa, kwenye arobaini ya mtoto mmoja wa mtaa wao, shangazi mmoja alimpa kipande cha kashata ya karanga. Midomo ikavimba, macho yakafumba, kifua kikaanza kupiga mluzi. Bahati ilikuwa kwamba miongoni mwa wageni alikuwapo muuguzi, naye akambeba mbio hadi zahanati wakamchoma sindano.

Tangu siku hiyo Mishi hakuwa tena mtu wa kawaida. Mumewe alikuwa ng'ambo akitafuta kazi, na mpaka wakati huo alikuwa hajaacha kuitafuta, kwa hiyo ulinzi wote ulikuwa wake peke yake. Mteja aliyekuja kusukwa alinuswa viganja kabla hajamshika mtoto mkono. Mafuta yalinuswa, mkate ulinuswa, hata mwalimu wa chekechea aliwahi kunuswa. Harusini alikwenda na chakula cha mwanawe kwenye kibakuli chenye mfuniko, na watu wakasema anaringa. Kila mahali alikutana na mtu wa namna moja, mwenye roho nzuri na tabasamu pana, anayesema, "Kidogo tu hakitamdhuru, Mama Sikudhani. Unamdekeza." Kwa hayo maneno, kidogo tu, Mishi alimbeba mwanawe wakaondoka.

Aliyemwelewa alikuwa mmoja: Mama Kibwana, jirani wa nyuma ya ukuta, ambaye mwanawe Kibwana naye karanga ilimvimbisha vilevile. Wanawake hao walikuwa na sufuria moja ya shirika ambayo karanga haijawahi kuiona. Leo inapika kwa Mishi, kesho inarushwa juu ya ukuta inapika kwa Mama Kibwana, na watoto wanakula pamoja. Kwenye sufuria hiyo ndipo hao mama wawili walipokuwa wakipumzika roho.

Sasa mwaka ukafika ambao Sikudhani na Kibwana wote wawili walianza darasa la kwanza.

*

Walikwenda Wizarani pamoja, kuomba watoto wapandishwe kutoka kijivu hadi dhahabu. Walipokelewa na Afisa wa Uzito wa Miiko, Bwana Songoro, mtu mpole sana, mwenye kitambaa cha bluu.

"Huyu mtoto," aliuliza Bwana Songoro, "ana cheo gani?"

"Ana miaka saba," alijibu Mishi.

"Sikuuliza umri, mama."

"Yuko darasa la kwanza."

"Kiranja?"

"Hapana."

Bwana Songoro alishusha pumzi kwa masikitiko ya kweli. "Natafuta pa kumshika nimpandishe, sipaoni."

"Bwana mkubwa, akila karanga anakufa."

"Kufa si mwiko, mama. Mwiko ni kutokula. Kufa ni mambo ya Wizara ya Afya, na wao leo wako semina."

Mama Kibwana akaingilia. "Na wangu hivyo hivyo, baba. Mwaka jana alilamba sahani tu, akalazwa, tukakesha tunamwita jina."

"Akapona?"

"Alipona."

"Unaona? Mwili unajifunza."

"Na wale ambao miili yao haikujifunza?" Mishi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Kila mwaka watoto wanaanguka uwanjani. Sisi si vipofu, tunawaona!"

Bwana Songoro alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyesoma gazeti. "Mama, katika nchi hii hajawahi kufa raia hata mmoja kwa karanga. Vyeti vya vifo vipo. Wote walikufa kwa furaha ya kitaifa iliyopitiliza. Ni ugonjwa mzuri sana, na sisi ndio tuliougundua."

Hapo akaingia tarishi na chakula cha mchana cha Bwana Songoro kwenye sinia. Bwana Songoro akainama akanusa.

"Kuna kitunguu humu?"

"Hakuna, mkuu."

"Una hakika? Maana mimi na kitunguu hatuelewani kabisa," aliwaeleza wale wanawake, akitaka nao wamwonee huruma. "Kikinigusa tu napiga miayo."

Walitoka. Kwenye ngazi Mama Kibwana aliketi chini, akavua kiatu kimoja, akakishika tu mkononi bila kujua anataka kukifanyia nini.

"Tufanyeje, mwenzangu?" alisema. "Niambie tufanyeje, mimi akili yangu imeishia hapa."

Mishi alikaa karibu naye wakalia wote wawili, na mlinzi akawaomba wakalie nje ya geti, kwa sababu ngazi zile zilikuwa zimesafishwa.

*

Mishi alikuwa na shemeji, mdogo wa yule mume wa ng'ambo, aitwaye Nassibu, naye alikuwa mpishi Ikulu. Jumapili moja alipokuja kuwasalimu, Mishi alimshika mikono yote miwili.

"Shemeji, wewe ndiye unayelipika hilo rojo. Huwezi kutoa hata ndoo moja isiyo na karanga, ukaielekeza shuleni kwa mtoto wa kaka yako?"

Nassibu alitazama mlangoni. Akainuka, akafungua bomba la uani, maji yakaanza kupiga kelele kwenye karai. Ndipo akasema, mdomo umekaribia sikio la Mishi.

"Mimi napika masufuria ya aina mbili, shemeji. Kuna makubwa ya watu, na kadogo ka meza kuu. Haka kadogo hakana karanga hata chembe. Ni kunde nimeziponda, nikatia binzari ije ile rangi."

"Kwa nini?"

"Mkubwa hawezi karanga."

"Mlezi Mkuu?"

"Unakumbuka Sikukuu ya kwanza kabisa? Alikula kweli, mbele ya watu. Jioni midomo ilikuwa hivi." Nassibu alionyesha kwa ngumi mbili. "Ikatangazwa kwamba amekuwa akijifunza tarumbeta."

Mishi alikumbuka. Ndiyo ilikuwa asili ya Wiki ya Tarumbeta, ambayo shule hufungwa.

"Na hao wengine wa meza kuu? Nao hawawezi wote?"

"Ah! Wale hawana lolote. Waliponusa kwamba Mkubwa ana mwiko, kila mmoja akatafuta wa kwake. Waziri wa Miiko, Dakta Makombo, anasema yeye hata harufu ya karanga itamuua. Usiku ananitumia dereva achukue za kukaanga, anatafuna akiangalia mpira." Akafunga bomba nusu, kisha akalifungua tena. "Hili likitoka hapa, shemeji, mimi ndiye nitakayepikwa."

Mishi akaapa. Lakini usingizi haukumjia tena, maana kuna jambo lilikuwa limeanza kumzunguka kichwani.

Katika nchi hiyo kulikuwa na desturi ya tangu mababu, ambayo hata Serikali haikuthubutu kuifuta: anayekulisha huonja kwanza, mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu. Mama humfanyia mwana, mwenye nyumba humfanyia mgeni. Maafisa wa Kijiko walisamehewa desturi hiyo kwa sababu wangevimbiwa. Lakini Mlezi Mkuu aliitimiza mwenyewe kila Sikukuu. Alichota kwenye bakuli lake, akaonja, kisha kutoka bakuli hilo hilo akamlisha mtoto mmoja aliyechaguliwa, aliyeitwa Mtoto wa Taifa.

Yaani katika nchi nzima palikuwa na kijiko kimoja tu ambacho mtoto wa mtu wa kawaida, mwenye mwiko wa karanga, angeweza kulishwa na asife, na kijiko chenyewe kilikuwa mkononi mwa Mlezi Mkuu.

*

Mtoto wa Taifa alichaguliwa na Kamati ya Mashavu. Kamati ilipita mitaani kutafuta mtoto ambaye mashavu yake yanathibitisha shibe, na kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu shibe ilikuwa imejaa zaidi redioni.

Mishi akaanza kumlisha Sikudhani uji wa maziwa, viazi vitamu, parachichi, na uji tena. Alisuka vichwa mpaka vidole vikafa ganzi, na alichopata kiliingia mdomoni mwa mtoto. Mama Kibwana alichungulia juu ya ukuta.

"Mwenzangu, nasikia unamtaka awe Mtoto wa Taifa. Ni kweli, au wanakusingizia?"

"Ni kweli."

"Umpeleke mwenyewe kwenye karanga? Kwa miguu yako?"

Mishi aliangalia chini. "Niamini tu, Mama Kibwana."

Mama Kibwana akashuka, akarudi na mayai amefunga kwenye kanga, akayapitisha juu ya ukuta. "Sikuelewi," alisema, "lakini najua humpendi mtu kuliko huyo mtoto. Mchemshie."

Hapa Mishi angeweza kusema. Bomba lilikuwa pale pale, angelifungua tu. Alifungua mdomo hasa. Lakini nyuma ya Mama Kibwana, uani, Kibwana alikuwa akicheza na tairi, na Kibwana, Mungu amjalie, alikuwa na mashavu ya kuzaliwa nayo, yaliyomzidi Sikudhani hata bila uji. Mtoto wa Taifa alikuwa mmoja. Mishi alifumba mdomo, akasema, "Ahsante, jirani," akapokea mayai.

Kamati ilipopita, Mama Kibwana alimficha mwanawe uvunguni kwa hofu. Wakamchagua Sikudhani.

*

Siku ya Sikukuu uwanja ulifurika. Mlezi Mkuu alihutubia.

"Wananchi! Karanga ni ndogo, lakini ikifika tumboni huwa kubwa!" Makofi. "Adui zetu wanauliza, mnakula nini? Nasi tunawajibu, tunakula pamoja! Na je, taifa lisilokula pamoja, litakula na nani?" Hakuna aliyejua, kwa hiyo makofi yalikuwa marefu zaidi.

Kisha akachota. Mishi, aliyekuwa amesimamishwa nyuma ya meza kuu, alimtafuta Nassibu kwa macho asimwone. Na kama leo wamebadilisha? Na kama mtu amekosea bakuli? Alimwona Mlezi Mkuu akionja na kulamba midomo, akaona kijiko kikisogea kwenye mdomo wa mwanawe, na Sikudhani, aliyekuwa ameagizwa na mama yake afungue mdomo, akaufungua huku amefumba macho.

Akameza. Mishi alisubiri ule mluzi. Alisikia bendera tu zikipigwa na upepo. Nishani moja ya Mlezi Mkuu ikamgusa mtoto kidevuni ikamtekenya, naye akacheka, akaonyesha mapengo. Wapiga picha wakaruka. Mishi akacheka na kulia pamoja, na Waziri wa Miiko, Mheshimiwa Dakta Makombo, akampa mkono akimwambia kwamba uzalendo wake unaonekana hata puani.

Ndoo zilikuwa tayari zinapita kwenye mistari ya shule. Baada ya muda kukatokea kelele upande wa wale wadogo, mwanamke anapiga yowe, na bendi ikaamriwa ipige kwa nguvu zaidi. Mishi aliijua ile sauti. Aliisikia kila siku juu ya ukuta.

*

Kibwana alikufa kwa furaha ya kitaifa iliyopitiliza. Na kwa kuwa kumlilia aliyefurahi ni kuikosea furaha yenyewe, matanga hayakuruhusiwa. Badala yake Serikali ya Mtaa ilipeleka ujumbe wa pongezi, na ngoma ndogo.

"Hongera sana, mama," alisema kiongozi wa ujumbe. "Uwanja mzima, mwanao ndiye aliyefurahi kuliko wote."

Walipoondoka Mishi aliingia na sufuria yao ya uji. Hakuipitisha ukutani, alizunguka mlangoni. Mama Kibwana alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Alikuwa amekaza meno," Mama Kibwana alisema, bila kuinua macho. "Nilimfundisha hivyo, akaze, hata wakimpiga. Afisa akahangaika naye akashindwa. Akamgeuza kichwa akamwonyesha meza kuu. Akamwambia, mtazame mwenzako. Kibwana akamwona Sikudhani anakula. Akamwona anacheka. Akanigeukia, akaniambia, 'Mama, Sikudhani amepona.' Alikuwa na furaha, Mishi. Hapo hawakusema uongo. Akafungua mdomo mwenyewe."

Mishi alisimama na sufuria mikononi. Aliweka uji chini, akatoka kinyumenyume, na kile alichopaswa kusema akatoka nacho.

*

Picha ya Sikudhani ikabandikwa kila ukuta wa Serikali, mapengo nje, na chini yake maandishi: ALIKULA, AKACHEKA. Kule Wizarani Bwana Songoro hakuwa na haja tena ya kueleza. Mama yeyote aliyekuja kulia alionyeshwa picha. Kitambaa cha kijivu kilifutwa, kwa kuwa sasa imethibitika kwamba kujidekeza kunatibika.

Kisha gari jeusi likasimama mlangoni kwa Mishi, na mtu mwenye tai akasoma salamu za Mheshimiwa Dakta Makombo. Taifa limemteua Sikudhani kuwa Balozi wa Kijiko. Atazunguka mikoani pamoja na Mheshimiwa, na katika kila uwanja atakula mbele ya wananchi, wavivu wa kula wapate kutiwa moyo.

"Atakula kutoka bakuli gani?" Mishi aliuliza.

"La wananchi, mama! Balozi ni wa watu."

Aliomba kukataa, akaambiwa heshima ya Taifa haikataliwi, hurithiwa. Alimtafuta Nassibu, akaambiwa amehamishiwa jiko la jeshi mpakani. Alifikiri kukimbia, lakini dereva wa gari jeusi alikuwa ameshakula kwake, ameshalala sebuleni, na alikuwa mtu wa usingizi mwepesi.

*

Uwanja wa kwanza ulikuwa wa mji wa bara, vumbi tupu. Njia nzima Mishi alimkumbatia mtoto, akimnusa kichwani, na mtoto akauliza, "Mama, leo tena nitalishwa na yule babu wa nishani?" Mishi akamnusa tena kichwani.

Mheshimiwa Dakta Makombo alipanda jukwaani, kitambaa cha dhahabu kinang'aa kifuani. Akazungumza juu ya mchango wa taya katika maendeleo. Ndoo ya watu ikaletwa, ya moto, na harufu ya karanga ikampiga Mishi usoni. Afisa wa Kijiko akachota. Waziri akakipokea kijiko kwa urefu wa mkono, amegeuza pua pembeni, maana mwiko wake ulikuwa mzito, akamwelekezea Sikudhani.

"Subiri!" Mishi alipiga kelele.

Kipaza sauti kilikuwa karibu, kikaibeba sauti yake hadi nyuma kabisa.

"Kwetu anayelisha huonja kwanza," alisema. "Mlezi Mkuu mwenyewe huonja. Onja, Mheshimiwa. Kisha umlishe."

Waziri alitabasamu kwa wananchi. "Mama, mimi nina dhahabu. Hata harufu—"

"Onja!" alisema bibi mmoja kwenye mstari wa mbele, si kwa ubaya, alilelewa hivyo. Mwingine nyuma yake akasema onja. Likaenea, onja, onja, bila hasira, kama watu wanavyomhimiza mgeni avue viatu. Mishi alimtazama Waziri kwa tumaini. Akikataa, watu wote watajua kwamba karanga inaua. Hana pa kupita.

Dakta Makombo akatazama umati. Akatazama wapiga picha. Kisha akatia kijiko kizima mdomoni, akameza, akalamba upande wa nyuma.

"Tamu!" alisema. "Mnaniona? Ninyi mnaniona nimekufa?"

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Bila shaka hakufa. Hakuwa na lolote tangu mwanzo, na Mishi alijua, aliambiwa na Nassibu kwa mdomo wake, na kwa wazimu wa hofu akasahau. Kijiko kilikuwa kimerudi mkononi mwa Afisa, kinachota tena. Desturi ilikuwa imetimizwa. Hapakuwa na neno lingine duniani la kusema, na mtoto wake alikuwa amefumba macho, amefungua mdomo, kama alivyoagizwa siku ile.

Mishi hakufikiri. Mtu wa kufikiri angebaki amesimama. Alimrukia Mheshimiwa, akashika kile kitambaa cha dhahabu, akakivuta kikafunguka fundo, akamfunga mwanawe kifuani. Alikifunga mafundo matatu, vidole vya msusi, vya haraka.

"Yule kala, hakufa," alisema, akihema. "Kwa hiyo hakihitaji."

Askari walipiga hatua moja. Lakini Afisa wa Kijiko, kijana aliyehitimu vizuri, alikuwa ameinua kijiko na kutazama alipofundishwa kutazama. Aliona kifua, na kwenye kifua dhahabu, na kwenye dhahabu mhuri. Akakishusha kijiko. Akaomba radhi. Akafunika ndoo. Askari nao wakakiona, wakapiga saluti, maana hakuna kanuni iliyosema dhahabu ikiwa ndogo isipigiwe saluti.

Kisha Afisa akageuka, akakiona kifua cha Dakta Makombo hakina kitu. Akafunua ndoo, akachota, akasema, "Fungua mdomo, ndugu raia." Waziri alifoka kwamba yeye ndiye Waziri. Yule kijana hakuinua macho kuangalia uso. Mishi na mwanawe walipoondoka na gari jeusi, dereva akimwita Sikudhani Mheshimiwa, Dakta Makombo alikuwa bado analishwa, akipitishwa kutoka mstari mmoja hadi mwingine, akisema "Tumeungana" mdomo umejaa.

*

Redio haikusema chochote. Nyumbani Mishi alimwogesha mwanawe na kitambaa kikiwa kifuani, akamlaza nacho. Askari wa mtaa walipopita walichungulia, wakakiona, wakaomba radhi, wakaenda. Hivyo ndivyo Sikudhani anavyoishi katika nchi hiyo, na ataishi hivyo hivyo mradi fundo lisilegee.

Siku ya pili Mishi alimbeba mtoto akazunguka mlangoni kwa Mama Kibwana. Akaketi naye sakafuni. Mara hii hakuhitaji bomba.

"Bakuli la Mlezi Mkuu lilikuwa kunde," alisema. "Nilijua kabla. Nilinyamaza kwa sababu Kibwana alikuwa na mashavu mazuri zaidi."

Mama Kibwana hakupiga kelele. Mishi alitamani apige. Kisha akanyoosha mkono akashika pindo la kile kitambaa kwenye kifua cha Sikudhani, akalisugua kwa vidole kama mtu dukani, akaligeuza nyuma. Nyuma ilikuwa pamba ya kawaida, ya bei rahisi, rangi imeanza kutoka kwa jasho la mtoto.

"Ni hiki tu?" aliuliza.

"Ni hicho tu, jirani."

Mama Kibwana akafungua kiganja, akakipima kitambaa kwa shibiri, kutoka bega hadi bega.

"Kingemtosha," alisema.